Kifaduro na Siku Arobaini za Mtoto

Kifaduro ni ugonjwa wa kikohozi unaomnyima mgonjwa nafasi ya kuvuta pumzi. Mazungumzo ya leo ni juu ya ugonjwa huo, na zaidi ni juu ya mtoto mmoja: yule ambaye hajatimiza wiki sita, ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa dhidi yake. Je, mtoto huyo hulindwa na nini? Swali hilo ndilo litakaloongoza mazungumzo haya tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza, kifaduro chenyewe. Mtu mwenye mafua hukohoa, akapumua, akakohoa tena. Mwenye kifaduro hukohoa mfululizo, mara kumi, mara kumi na tano, bila upenyo wa kuingiza hewa. Uso huiva, macho hutoka machozi, mishipa ya shingo husimama. Mfululizo unapokatika, hewa huingia kwa nguvu kwenye koo lililobana, na hapo husikika mlio mrefu mwembamba wa kuvuta. Mara nyingi mgonjwa humalizia kwa kutapika. Baada ya hapo hutulia, akaonekana mzima kabisa, mpaka mfululizo mwingine utakapomshika, hasa usiku.

Ugonjwa huu huenda kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza huchukua wiki moja hadi mbili. Mgonjwa hutokwa na kamasi nyepesi, hupiga chafya na kukohoa kidogo. Anayemtazama husema ni mafua tu. Hatua ya pili ni ile ya kukohoa mfululizo, nayo huweza kuendelea kwa wiki sita na hata zaidi. Hatua ya tatu ni ya kupata nafuu polepole, siku nzuri na siku mbaya zikipokezana. Tangu mwanzo hadi mwisho miezi mitatu huweza kupita. Wachina na Wajapani hukiita kifaduro kikohozi cha siku mia, na hesabu yao haiko mbali na ukweli.

Jambo la kukumbuka hapa ni hili: mgonjwa huambukiza zaidi katika ile hatua ya kwanza na mwanzoni mwa ya pili, wakati ambapo nyumba nzima inaamini kwamba ana mafua. Kifaduro huenea kwa matone madogo yanayotoka mtu anapokohoa, anapopiga chafya au anapozungumza karibu na uso wa mwenzake. Ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza upesi kuliko yote. Kikiingia katika nyumba yenye watu wasio na kinga, wengi wao huugua.

Kinasababishwa na nini? Kinasababishwa na bakteria anayeitwa Bordetella pertussis. Mwaka 1906, wanasayansi wawili wa Ubelgiji, Jules Bordet na Octave Gengou, walifanikiwa kumwotesha maabara, na tangu hapo njia ya kutafuta chanjo ikafunguka. Ndani ya koo na mirija ya hewa ya binadamu kuna vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kama ya fagio: hufagia makohozi na vumbi kuelekea juu ili vitoke. Bakteria wa kifaduro hujibandika kwenye vinyweleo hivyo, hutoa sumu na kuvilemaza. Fagio likishavunjika, uchafu hubaki ndani, na mwili hauna njia nyingine ya kuutoa ila kukohoa. Ndiyo maana kikohozi huendelea kwa wiki nyingi hata bakteria wenyewe wanapokuwa wamekwisha kufa. Mwili huwa bado unasubiri vinyweleo viote upya.

Sasa, msikilizaji, mazungumzo yanamfikia mtoto mchanga. Kwake ugonjwa huu una sura nyingine, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Ule mlio mrefu ambao bibi na babu huutumia kukitambua kifaduro, mtoto wa wiki tatu aghalabu hautoi. Hana nguvu ya kuuvuta. Huenda hata kikohozi chake kisisikike vizuri. Kinachoonekana ni mtoto anayekodoa macho kama aliyepaliwa, anayeacha titi katikati ya kunyonya, anayelegea, au anayebadilika rangi. Na kuna dalili moja inayotisha kuliko zote: mtoto husita kupumua. Kifua hutulia kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka na kuanza tena. Safari nyingine hakianzi tena bila msaada.

Kwa nini iwe hivyo? Mirija ya hewa ya mtoto mchanga ni myembamba, na makohozi kidogo tu hutosha kuiziba. Misuli ya kifua chake ni dhaifu. Hata sehemu ya ubongo inayosimamia upumuaji bado haijakomaa, kwa hiyo huchoka na kusahau kazi yake. Juu ya hayo, kifaduro huweza kumletea nimonia, degedege, na madhara ya ubongo kutokana na kukosa hewa. Kwa baadhi ya vichanga, sumu ya bakteria husababisha chembe nyeupe za damu kuongezeka kupita kiasi. Shinikizo la damu katika mapafu hupanda, na moyo huelemewa. Hao ndio wagonjwa ambao hata hospitali kubwa hupata tabu kuwaokoa.

Takwimu hazitatajwa nyingi leo, ila moja inastahili. Makadirio ya wataalamu kwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kifaduro kiliua watoto wapatao 160,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Afrika. Mahali ambapo hesabu zimefuatwa kwa makini, wanaokufa ni hasa watoto wa miezi mitatu ya mwanzo. Mwaka 2010 jimbo la California, Marekani, lilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kifaduro, na watoto wachanga kumi wakafa. Jimbo tajiri, lenye hospitali za kila aina, na bado vichanga walipotea. Ugonjwa huu haukuishia zama za mababu.

Hoja inayofuata ni hii: kwa nini mtoto asichanjwe siku ile ile anapozaliwa? Katika Kenya na Tanzania, mtoto anapozaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi, na matone ya polio. Hizo ni chanjo muhimu, lakini hakuna hata moja kati yake inayozuia kifaduro. Kinga ya kifaduro imo katika sindano ya penta, inayolinda dhidi ya magonjwa matano kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kenya ilianza kutumia penta mwaka 2001, Tanzania mwaka 2009. Sindano hiyo hutolewa wiki ya sita, wiki ya kumi na wiki ya kumi na nne. Haitolewi siku ya kuzaliwa kwa sababu mwili wa kichanga bado haujajua kuitikia vizuri chanjo ya aina hiyo. Kinga inayopatikana mapema mno huwa hafifu.

Basi, je, mtoto hapati kinga kwa mama yake? Hupata, lakini si sawa kwa kila ugonjwa. Kingamwili hupita katika kondo la nyuma wakati wa ujauzito, hasa miezi ya mwisho. Kwa surua, mama mwenye kinga humwachia mtoto akiba inayodumu kwa miezi mingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo ya surua kusubiri mpaka miezi tisa. Kwa kifaduro mambo ni tofauti. Kinga ya kifaduro hupungua kadiri miaka inavyopita, iwe ilitokana na chanjo ya utotoni au na kuugua. Mama aliyechanjwa miaka ishirini iliyopita huwa na akiba ndogo ya kumgawia mwanawe, na hiyo ndogo huyeyuka ndani ya wiki chache.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, nalo lisemwe taratibu. Mama mjamzito huchomwa sindano kliniki. Sindano hiyo ni ya pepopunda, na pengine huchanganywa na dondakoo. Ni nzuri, na imeokoa vichanga wengi wasife kwa pepopunda ya kitovu. Lakini ndani yake hakuna kinga ya kifaduro. Mama anayesema, "Mimi nilichanjwa nikiwa mjamzito, mwanangu ana kinga," anasema kweli kwa pepopunda. Kwa kifaduro, hapana.

Ipo chanjo nyingine ya wajawazito inayoongeza kinga ya kifaduro katika sindano hiyo. Uingereza iliianzisha Oktoba 2012, baada ya mlipuko ambao mwaka huo uliua vichanga 14 katika England peke yake. Matokeo yalionekana upesi: katika miezi yao ya mwanzo, watoto wa mama waliochanjwa walilindwa kwa kiwango kinachokaribia tisa kati ya kila kumi. Marekani nayo huipendekeza kwa kila ujauzito, kati ya wiki ya 27 na ya 36. Afrika Kusini iliiingiza katika huduma za wajawazito mwaka 2024. Mahali inapopatikana, mjamzito ana haki ya kumwuliza daktari au mkunga juu yake. Lakini akina mama wengi wa Afrika Mashariki hujifungua bila kuipata, na watoto wao huingia duniani bila ukuta huo.

Kwa hiyo swali la mwanzo linarudi. Mtoto ambaye hana chanjo yake mwenyewe, na ambaye hakuachiwa kinga na mama, hulindwa na nini? Jibu ni kwamba hulindwa na watu wanaomzunguka. Mtoto wa wiki tatu haendi sokoni wala shuleni. Kifaduro humfuata ndani, kikiletwa na mtu anayempenda.

Mfano wa nyumba ya kawaida utasaidia. Mama amejifungua. Nyumbani yupo kaka wa darasa la tatu, shangazi aliyekuja kusaidia kazi, na baba. Kaka amerudi kutoka shuleni na kikohozi, lakini anacheza na anakula, basi hakuna anayejali. Jioni humbeba mdogo wake na kumbusu. Shangazi naye ana kikohozi cha wiki ya tatu sasa. Yeye anasema ni vumbi. Katika nyumba hiyo hakuna aliyelala kitandani, na hakuna aliyefikiria kifaduro. Kaka alichanjwa utotoni, na kwa hiyo ugonjwa wake ni mwepesi, lakini mwepesi kwake si mwepesi kwa mtoto. Watu wazima na watoto wakubwa ndio aghalabu wanaobeba kifaduro bila kujua.

Jamii za Waswahili zina desturi inayofaa sana hapa, nayo ni arobaini. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, akikandwa maji ya moto, akipikiwa uji na supu, akipumzishwa na kazi, na mtoto hatolewi nje ovyo. Tazama hesabu yake. Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Arobaini ikitimia, zimebaki siku mbili tu kufika sindano ya kwanza ya penta. Desturi ya wazee na ratiba ya kliniki zimekutana karibu mahali pamoja, na kipindi ambacho mtoto hana kinga yoyote ya chanjo ya kifaduro ndicho kipindi ambacho mila tayari inamweka ndani.

Lakini kukaa ndani peke yake hakutoshi. Arobaini humzuia mtoto kutoka. Haiwazuii watu kuingia. Majirani huja kumwona mzazi, na kila mmoja hutaka kumpakata mtoto. Chumba huwa kimefungwa madirisha kwa kuogopa baridi. Watu wakijaa katika chumba kama hicho, na mmoja wao anakohoa, hewa yote huwa ya kuambukizana. Arobaini huwa boma la kweli pale inapoambatana na masharti machache. Anayekohoa au mwenye mafua husalimia kutoka mlangoni, na zawadi yake hupokelewa kwa shukrani. Mtoto habusiwi usoni na wageni. Anayempakata hunawa mikono kwanza. Dirisha hufunguliwa, na moshi wa jiko na wa sigara huwekwa mbali. Kaka na dada wanaokohoa hulala chumba kingine inapowezekana. Bibi akilisema hilo mlangoni, hakuna atakayeona amedharauliwa, kwa sababu neno la bibi katika arobaini huheshimiwa.

Na mama akiwa ndiye anayekohoa? Haachi kunyonyesha. Maziwa ya mama humpa mtoto nguvu na kinga nyingine, ingawa hayawezi kuchukua nafasi ya chanjo. Mama huvaa barakoa anapomkaribia, hunawa mikono, na huenda kutibiwa mapema.

Sasa yafuate matibabu. Dawa ya kifaduro ni antibiotiki, nayo hutolewa na mtaalamu wa afya. Kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja, azithromycin ndiyo inayopendelewa, na kipimo chake hufuata uzito. Ikianza mapema, dawa hupunguza makali. Ikichelewa, haiponyi kikohozi haraka, lakini huua bakteria na kumfanya mgonjwa asiambukize wengine baada ya siku tano za matibabu. Asiyetibiwa huweza kuambukiza kwa takribani wiki tatu tangu aanze kukohoa. Ndiyo sababu, mtu mmoja anapogundulika katika nyumba yenye kichanga, daktari huweza kuwapa dawa watu wote wa nyumba hiyo, hata wasiokohoa, ili mtoto azingirwe na watu salama.

Ni wakati gani mtoto mchanga apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi? Anaposita kupumua, hata mara moja. Anapokuwa na rangi ya samawati au kijivu. Kwa mtoto mweusi, rangi hiyo huonekana vizuri zaidi kwenye midomo, ulimi na ufizi. Anaposhindwa kunyonya. Anapopata degedege. Anapopumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua chake kinapobonyea ndani kila anapovuta pumzi. Mzazi anayempeleka hufanya vema kumweleza mhudumu kwamba nyumbani kuna mtu anayekohoa kwa muda mrefu. Maelezo hayo huweza kumfanya mhudumu afikirie kifaduro, kwani kwa mtoto huyo dalili peke yake hudanganya. Hospitalini mtoto hupewa hewa ya oksijeni, hulishwa kidogo kidogo, na hutazamwa usiku na mchana.

Yapo pia mambo ya kuepukwa, na lazima yatajwe kwa uwazi. La kwanza ni kukata kimeo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayekohoa kwa muda mrefu hupelekwa kwa mkataji, kwa imani kwamba kimeo chake kimerefuka na ndicho kinachomkoholesha. Kifaduro hakikai kwenye kimeo. Kinakaa kwenye mirija ya hewa. Kukata huko humwachia mtoto kidonda kooni, na watoto wamekufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi. La pili ni asali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwa sababu huweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotoa sumu ya kupoozesha. La tatu ni dawa za maji za kikohozi zinazouzwa madukani. Hazitibu kifaduro, na kwa mtoto mchanga huweza kuleta madhara. Wanaofanya hayo hufanya kwa mapenzi. Bahati mbaya, muda unaopotea kwa hayo ndio ambao mtoto alihitaji kuwa hospitalini.

Jambo la mwisho ni wiki ya sita yenyewe. Arobaini ikitimia, safari ya kliniki isicheleweshwe. Kila wiki inayoahirishwa, kwa sababu ya safari, mvua au msiba, ni wiki nyingine ya mtoto kukaa bila kinga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye huchanjwa kwa kuhesabu tangu siku aliyozaliwa, asisubirishwe mpaka anenepe, maana yeye ndiye aliye hatarini zaidi. Baada ya sindano, paja huweza kuvimba kidogo na mtoto akapata homa ya siku moja au mbili. Hiyo ni dalili ya mwili kujifunza, na muuguzi hueleza namna ya kuituliza. Sindano moja huanza kumkinga, lakini haitoshi. Ya wiki ya kumi na ya wiki ya kumi na nne ndizo zinazoimarisha kinga hiyo. Na kaka, dada na watoto wa majirani wanaokamilisha chanjo zao husaidia pia, kwa sababu kifaduro kikikosa pa kupita mtaani, humkosa na kichanga.

Kwa muhtasari, wasikilizaji: kifaduro kwa mtoto mchanga huweza kuja bila mlio na karibu bila kikohozi. Chanjo anazopewa mtoto anapozaliwa, na sindano ya pepopunda ya mama, hazikizuii. Huletwa na watu wa nyumbani wanaodhani wana mafua. Kwa wiki sita za mwanzo kinga ya mtoto ni watu hao hao: mjamzito anayechanjwa mahali chanjo ipo, mgeni anayesalimia kutoka mlangoni, kaka anayelala chumba kingine, na mzazi anayewahi kituoni. Kuanzia wiki ya sita, kadi ya kliniki hupata alama ya penta ya kwanza, na mtoto huanza kujijengea kinga yake mwenyewe.